Mpwa Wangu na Gunia la Mawe Meusi

Nimejisifu kwa mambo mengi maishani, na baadhi yake yalikuwa ya kweli. Nilifanya kazi kwenye machimbo ya mawe miaka ishirini na saba, kumi na minane kati ya hiyo nikiwa mnyapara wa kokoto. Nilikuwa nikiisikia mashine ya kusaga mawe inavyonguruma, nakwambia bila kugeuza shingo ni bolti gani imelegea. Shule niliishia darasa la sita. Mwalimu wangu alisema shule imepata hasara kunipoteza. Sawa, hakusema hivyo hasa. Alisema maneno mengine, na mlango aliufunga mwenyewe. Lakini sikukaa chini kuandika habari zangu, ingawa ni tamu. Nataka kuandika habari za mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ambaye kwa miaka minane alikaa kwenye meza moja katika maabara ya barabara, akipima kama lami na jiwe vitashikana au vitaachana mvua ikinyesha. Leo hakai tena kwenye meza ile. Aliyemwondoa kwenye kiti chake ni mimi.

Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye vyeti, na huko linamtosha. Sisi wengine tunamwita Tone, na jina hilo nililitoa mimi, nitaeleza kwa nini.

Dada yangu ni fundi wa nguo, na macho yake yalianza kumchezea mapema. Kwa hiyo tangu binti yake ana miaka mitano, kazi ya kutia uzi kwenye sindano ilikuwa ya mtoto. Mtoto alikuwa anashika pumzi, anautazama ule uzi kama anaubembeleza, halafu unaingia mara moja. Sikuwahi kumwona akirudia.

"Mkono huu," nilimwambia dada yangu, "umetoka upande wa kwetu."

Dada akaitazama mikono yangu, yenye vidole kama mihogo. "Wa kwetu upi?" akasema.

Mtoto akakua na mkono wake ule ule. Akasoma, akafaulu, akasoma tena, mpaka akapata kazi ya ufundi katika maabara. Alikuwa na utani wake wa chini kwa chini, na akiwa kazini hakuchezewa. Wenye lori za kokoto waliwahi kumwita mama mkwe, kwa kumwogopa. Ila kwa wakubwa wa nyumbani hakujua neno hapana. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia chakula hiki kimezidi chumvi, yeye aliyekipika anasema kweli, wakati hakijazidi. Mimi nililipenda sana jambo hilo. Mjomba gani asingelipenda?

Siku ya kwanza kwenda kumwona kazini niliazima shati. Maabara ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu na harufu ya lami ya moto, inayokaa kwenye nguo mpaka kesho kutwa. Upande mmoja kuna oveni, mizani, msumeno wa kukatia mawe, na sufuria zenye weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Upande wa pili, nyuma ya kioo cha kuzuia upepo, ndipo ilipokuwa meza yake: kijukwaa kisichozidi kiganja, taa huku, kamera kule, na juu yake bomba la sindano lenye ncha nyembamba kama unywele.

"Mjomba, usipumue," akaniambia.

"Nisipumue mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

"Na ukisahau?"

"Tutakuzika vizuri."

Nikabana pumzi. Alikuwa na kipande cha kioo kilichochovywa kwenye lami, kikapoa, kinang'aa kama kiatu kipya. Akashusha tone moja la maji yaliyosafishwa. Kwenye skrini nikaliona limekuwa kubwa kama kilima, limekaa juu ya lami, mviringo, limejikunja pembeni kama mgeni aliyekalishwa kwenye kiti asichokipenda.

"Unaiona hiyo pembe, pale tone linapogusa lami? Nyuzi mia na mbili. Lami haitaki maji."

Akaweka kipande cha jiwe, kimekatwa kwa msumeno, kikasuguliwa, kikaoshwa, kikakaushwa kwenye oveni. Tone likashuka. Safari hii halikukaa. Lilitandaa, kama mtu aliyefika kwake akavua viatu.

"Kumbe jiwe lina mpenzi mwingine!" nikasema, na pumzi zote nilizokuwa nimebana zikatoka pamoja na mate. Taa ikaingia ukungu. Ikabidi aanze upya.

"Hiyo ndiyo shida yote ya barabara, Mjomba," alisema akifuta taa. "Mawe mengi yanapenda maji kuliko yanavyoipenda lami. Lami inajibandika tu. Maji yakipata upenyo, jiwe linaiacha lami na kushika maji, na barabara inaanza kubanduka."

Akanieleza kwamba hapimi kwa maji peke yake. Anadondosha pia gliserini, na dawa ya tatu ambayo jina lake nililisema mara moja tu, nikajing'ata. Kila tone linakaa kwa pembe yake. Kutokana na pembe hizo anajua uso wa kile kitu una nguvu kiasi gani ya kuvuta na kushika. Akishajua nguvu ya uso wa lami na nguvu ya uso wa jiwe, anakokotoa vitashikana kiasi gani vikiwa vikavu, na vitaachana kwa urahisi gani maji yakiingia katikati. Hayo yote kabla hata gari moja halijapita juu ya barabara yenyewe. Na kama hesabu inasema vitaachana, hakuna haja ya kulia: unachanganya chokaa kidogo kwenye kokoto, na jiwe linajifunza kushika.

Nilitoka pale nimevimba kama mkate. Nikawaambia watu wa machimboni kwamba mpwa wangu anaongea na mawe, na mawe yanajibu. Tangu siku ile nikamwita Tone, na maabara nzima ikafuata.

Sasa nije kwenye gunia.

Mwaka wake wa nane, zamu ya barabara yetu ilifika: kilomita kumi na moja kutoka njia panda hadi hospitali, ikipita mbele ya nyumba ya dada yangu. Kokoto zingetoka kwenye machimbo yetu, yaani kwenye lundo langu. Tone ndiye angepima. Alikuja mwenyewe kuniletea karatasi ya maelekezo, kwa sababu mnyapara wa kokoto ndiye mchukuaji wa sampuli. Aliiandika kwa herufi kubwa, akijua macho yangu na darasa langu la sita.

"Chota sehemu kumi za lundo, juu, kati, chini, mbele na nyuma. Mwaga kwenye turubai, changanya. Gawa mafungu manne. Ondoa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, gawa tena, mpaka libaki gunia moja. Usichague." Neno la mwisho alilipigia mistari miwili.

"Unanifundisha mimi kuchota kokoto?" nikamwambia. "Nilianza kuchota kabla hujajua kutia uzi kwenye sindano."

"Ndiyo, Mjomba. Lakini usichague."

"Kwani nikichagua, mawe yatapiga kelele?"

Akacheka, akaondoka.

Mwezi ule tulikuwa tumefika kwenye ukuta mpya wa mwamba. Mwamba wetu siku zote ulikuwa mweusi, mzito, mawe yake yanalia kama chuma ukiyagonganisha. Lakini huko ndani palipita mshipa wa jiwe jeupe, linalometameta kama sukari, na lundo likawa na madoadoa kama kuku kanga. Nililiona. Sikulipenda. Nilifikiri habari moja tu: gunia hili linakwenda kwa mpwa wangu, litamwagwa kwenye meza mbele ya wasomi, na watasema, "Haya ndiyo mawe ya mjomba wako?" Mtu akimpeleka mtoto kupigwa picha, si humfuta pua kwanza?

Basi nikageuza ndoo, nikakaa juu yake mchana mzima. Nikachagua. Jiwe moja moja. Jeusi ndani ya gunia, jeupe nje. Hakuna aliyeniagiza, hakuna aliyenipa chochote. Niliyafuta hata vumbi kwa kitambaa. Nilipomaliza nililifunga gunia kwa kamba mpya, nikaliambia, "Mkanisitiri."

Nililipeleka mwenyewe, begani, ingawa gari lilikuwepo. Tone akalipokea, akalifungua, akachungulia ndani. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mjomba," akasema taratibu, "ulichota pande zote?"

"Unanihoji?"

"Hapana, nauliza tu."

"Unauliza kama askari. Nimebeba gunia begani, mgongo unaniuma, hata maji hujanipa, unaniuliza nimechota wapi!"

Nilisema kwa sauti, watu wa kwenye oveni wakageuka. Tone akainamisha macho. "Nisamehe, Mjomba," akasema, na akaenda kuniletea maji. Niliyanywa. Yalikuwa ya baridi, na nilikumbuka kumwambia yana ladha ya dawa.

Majibu yalitoka vizuri mno. Jiwe lilishika lami kavu, likashika na maji yakiwemo. Walichemsha hata kokoto zilizopakwa lami, dakika kumi kwenye sufuria, zikatoka nyeusi kama zilivyoingia. Ripoti ikaandikwa: chokaa haihitajiki. Tone akatia sahihi. Barabara ikatandazwa, ikashindiliwa, ikachorwa mistari. Siku ya kufunguliwa nilisimama mbele ya nyumba ya dada yangu nikamwambia kila aliyepita kwa mguu, "Unakanyaga mawe yangu, yaliyopimwa na mtoto wangu." Kama barabara ingekuwa na mlango, ningekaa mlangoni.

Mvua zilipoanza, zilianza kwa adabu. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili, pale kwenye mteremko wa hospitali, maji meusi meusi yakawa yanachuruzika kutoka kwenye nyufa ndogo. Wiki ya tatu lami ikaanza kubanduka, vipande vya ukubwa wa sinia, halafu vya ukubwa wa meza. Magari ya wagonjwa yakawa yanayumba kama walevi. Mpaka mwezi unaisha, robo ya kilomita zile ilikuwa imerudi kuwa kokoto.

Tone alikuja kuikagua siku moja asubuhi, mvua imekatika. Mimi nilikuwa kwa dada yangu, nikatoka kumfuata. Nilimkuta amechuchumaa pembeni ya shimo, amevaa mabuti, ana jiwe kwenye kiganja. Lilikuwa jeupe, safi, halina hata alama ya lami. Aliligeuza. Akaokota jingine, jeupe. Kulikuwa na meusi pia pale, bado yamevaa lami yao vizuri, lakini meupe yalikuwa uchi yote.

"Mjomba, haya meupe yametoka wapi?"

Pale, barabarani, hakuna mtu mwingine, kukiri kulikuwa rahisi kuliko kutakavyokuwa tena. Nikasema, "Mawe ni mengi, mwanangu. Nani anajua la huyu na la yule."

Alitia mawe mawili mfukoni, akaosha mikono kwenye dimbwi, akaenda zake.

Kikao kiliitwa wiki iliyofuata, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki. Mkuu wa maabara, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliketi mbele. Pembeni yake mhandisi wa barabara, mwanaume mrefu mwenye haraka. Watu kama ishirini. Njiani nilikuwa nimejiapiza: nitasema. Nilikuwa nimepanga hata maneno. "Waheshimiwa, mimi ni mtu wa darasa la sita, nilichagua mawe." Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwangu nilipoingia. Nilikuwa nayo nilipoketi.

Mkuu wa maabara akaeleza kwamba wamepima upya mabaki ya gunia. Mawe yote meusi, yote yanashika. Na wamepima mawe yaliyotoka barabarani. Mengi meupe, hayashiki kabisa. "Kwa hiyo," akasema, "gunia lililopimwa halifanani na lundo lililotandazwa. Ama sampuli haikuchukuliwa inavyotakiwa, ama magunia yalichanganywa hapa maabara, likaandikwa jina la lundo lisilo lake."

Mhandisi akanigeukia. "Wewe mzee ndiye mnyapara?"

"Ndimi."

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

Swali gani la kumuuliza mtu kama mimi mbele ya watu ishirini! Kifua kilijaa chenyewe. "Ishirini na saba," nikasema.

"Basi kuchukua sampuli unajua?"

"Hata nikilala."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, cha kunipenda. Nilikisikia kikinipanda kama chai ya moto.

"Ulifuata karatasi uliyopewa?"

"Neno kwa neno."

Ndivyo nilivyosema. Maneno yangu yale mengine, yale niliyoyapanga njiani, sijui yalikwenda wapi. Mhandisi akaafiki kwa kichwa, akaandika.

Mkuu wa maabara akamtazama Tone. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Binti yangu, kuna siku ulikuwa na magunia mawili mezani?"

"Siku nyingi huwa na magunia mawili," akasema Tone.

"Inawezekana ulichanganya?"

Nilimtazama. Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anatazama mikono yake, imelala juu ya magoti, imetulia kama siku zote. Ukumbi mzima ukasubiri.

"Inawezekana," akasema.

Wakamwondoa kwenye meza. Hawakumfukuza, walimheshimu mno kwa hilo. Walimpeleka stoo, kugawa mabuti, glavu na kofia za kazi. Kiti chake akapewa mwanamke mwingine.

Miezi saba nilikaa na jambo hilo. Nilijaribu kulifanya dogo. Nilijiambia stoo kuna kivuli, hakuna harufu ya lami, mgongo hauumi. Nilijiambia atarudishwa tu. Nilikwepa kwenda kwake; nikimwona mbele yangu naingia uchochoro. Mimi, niliyekuwa nikimwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara!

Kilichonivunja ni dada yangu. Jumapili moja alituita sote wawili kula mchana. Tone alikuwa amekaa, anatia uzi kwenye sindano za mama yake, kumi na mbili kwa mkupuo, anazichomeka kwenye mto mdogo. Dada akamtazama, sijui nini kilimpanda, akasema, "Mkono unao. Kichwa ndicho kilichokuangusha. Nilikufundisha kupanga nyuzi kwa rangi ukiwa huna hata meno ya mbele, ukashindwa kupanga magunia mawili! Watu wananiuliza, fundi, binti yako vipi? Nawajibu nini?"

"Samahani, Mama," akasema Tone.

"Na mjomba wako alibeba gunia begani! Begani! Umemtia aibu mzee wa watu."

Nilikuwa na chakula mdomoni. Tone alichukua sindano ya tisa, akashika pumzi, uzi ukaingia. Nikanyanyuka, nikasema naenda kunawa, nikapitiliza mpaka kwangu bila kunawa.

Kesho yake nilikwenda stoo. Ni chumba chenye dirisha la kaunta, rafu mpaka juu, mabuti yamefungwa mawili mawili kwa kamba. Hakukuwa na mtu ila Tone. Nikaegemea kaunta.

"Tone, mimi nilichagua yale mawe."

Alikuwa anaandika kwenye kitabu. Akamaliza mstari. "Najua, Mjomba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipofungua kamba. Gunia zima lilikuwa jeusi, na halikuwa na vumbi hata chembe. Lundo gani linatoa gunia la namna hiyo?"

"Sasa kwa nini hukulirudisha? Kwa nini hukunitupia usoni?"

"Ningesemaje? 'Mjomba, umenidanganya'? Mbele ya watu wale?" Alifunga kitabu. "Nilijaribu kuuliza. Ulipandisha sauti, nikaomba radhi. Halafu nikakaa na lile gunia siku mbili, nalizunguka tu. Nikajiambia, labda mwamba mzima ni huo. Nikajiambia, Mjomba ana miaka yake yote machimboni, mimi ni nani. Nikapima."

"Na kwenye kikao?"

"Kwenye kikao nilikusubiri, Mjomba."

Sijapigwa ngumi nyingi, maana nina mdomo wa kunitoa kwenye ugomvi. Lakini najua sasa inavyokuwa.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara, nikiwa na viatu vyangu vya tope. Nikamwambia yote: ndoo, kitambaa, kamba mpya, na uongo wangu wa neno kwa neno. Alivua miwani. Hakuniuliza kwa nini. Aliandika kurasa mbili, akanisomea, nikatia sahihi. Unyapara wangu uliisha wiki ile ile, na barua yao ilikuwa fupi. Sikuilaumu. Kwa dada yangu nilikwenda siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazima cherehani, akachukua kanga yake, akatoka kwenda kwa binti yake, akaniacha peke yangu sebuleni kwake na saa ya ukutani.

Nilidhani basi, maneno yamefika, mambo yatajirudi. Na kweli mkuu wa maabara alimwita Tone, akamwomba radhi mbele ya wote, akamwambia kiti chake kipo, arudi hata kesho. Huyo mwanamke mwingine alikuwa tayari amefungasha vitu vyake.

Tone alikataa.

Nilipoambiwa sikuamini. Nikaenda stoo tena, safari hii mbio, nikakuta foleni ya mafundi wapya wanachukua mabuti. Nikaipita hadi kaunta.

"Umekataa? Una wazimu? Nimejivua nguo mbele ya ulimwengu mzima ili urudi kwenye kiti chako, unakataa?"

"Mjomba, taratibu."

"Kosa si lako! Imeandikwa! Nimetia sahihi!"

"Kosa la kuchanganya magunia si langu, kweli." Alizungumza kwa sauti ya chini, nikalazimika kuinama. "Lakini nililiona gunia, nikalipokea, nikalipima, nikaandika chokaa haihitajiki. Hakuna aliyenishika mkono. Tone la maji huniambia ukweli wa jiwe lililo mbele yangu, basi. Ukweli wa lundo unamtaka mtu anayeweza kusema rudisha. Rudisha, hata kama aliyeleta ni mjomba wako. Mimi sikuweza."

"Safari ijayo utaweza."

Akafikiri. Sikuzote anafikiri kabla ya kujibu, si kama mimi. "Jumapili iliyopita Mama aliniambia chakula alichopika hakina chumvi," akasema. "Kilikuwa na chumvi ya kutosha. Nikamwambia kweli, hakina."

"Hilo ni la chakula, Tone!"

"Kwenye mteremko wa hospitali, Mjomba, mwanamke mmoja alijifungulia ndani ya gari lililokwama. Yeye na mtoto wazima, nimeenda kuwaona. Lakini ilinibidi kwenda kuhakikisha."

Nilifungua mdomo nimwambie kitu, kitu kikubwa, cha kumrudisha. Nilikuwa nimeshakusanya pumzi. Fundi aliyekuwa nyuma yangu akakohoa.

"Mjomba, pisha kidogo," akasema mpwa wangu. "Watu wanasubiri mabuti."

Nikasogea pembeni. Akamwuliza yule fundi anavaa namba ngapi, akageuka kwenye rafu, akafungua kamba ya mabuti, na kabla hajampa, aliingiza mkono ndani ya kila buti kukagua kama liko zima.